Safari ya Igurwa na Nati Iliyogoma

Leo siwapeleki Roma wala Lourdes. Twende pamoja Igurwa, huko Karagwe, tukaione nchi ile. Tena tukaone jinsi nati moja ya gurudumu, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, ilivyomfanya katekista atembee kwa miguu Jumapili mbili. Mwenye skuta au pikipiki nyumbani na asome mpaka mwisho. Asiye nayo asome pia, maana huenda mwanawe hupanda ya mtu mwingine kila siku.

Ukitoka Bukoba, utafuata barabara kuu mpaka Kyaka. Hapo ndipo penye daraja la Mto Kagera lililobomolewa na askari wa Idi Amin mwezi wa Novemba 1978. Wazee wa huko bado wakilitaja daraja hilo hupunguza sauti. Lakini wewe huvuki mto. Utaiacha njia ya Mutukula na kushika ile ya Karagwe, kilometa 59 za lami mpaka Bugene. Gari hupanda, hupanda tena, na hewa hubadilika. Aliyevaa shati jepesi huanza kujikunyata. Kayanga, mji mkuu wa wilaya, hauko mbali na hapo. Ndio uliolipa jina jimbo letu la Kayanga, lililozaliwa mwaka 2008 kutoka Jimbo la Rulenge.

Igurwa ni kata moja ya wilaya hiyo ya Karagwe. Kabla ya mwaka 2012 Karagwe ilikuwa wilaya moja kubwa sana, ndipo ikagawanywa na Kyerwa ikapata wilaya yake. Ukiiacha lami utaingia katika barabara ya udongo mwekundu, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Kulia migomba, kushoto migomba, na chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni maharage. Ukibahatika kupita wakati kahawa imetoa maua, utasikia harufu tamu kama ya asumini, na mashamba utayaona kama yamemwagiwa unga. Nyumba hujificha ndani ya migomba. Utasikia watu wakizungumza, utaona moshi wa jikoni, lakini nyumba yenyewe huioni mpaka uwe mlangoni.

Mimi nilifika mwezi wa Novemba, wakati wa mvua. Katekista mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuja kunipokea Kayanga kwa skuta yake. Ni skuta ya zamani aina ya Chetak, iliyotengenezwa India na kampuni ya Bajaj. Ndiyo kampuni ile ile iliyotupa jina la bajaji za magurudumu matatu, na ndiyo yenye pikipiki za Boxer ambazo vijana wetu wa bodaboda wanazipenda. Hapo kwanza kampuni hiyo ilitengeneza Vespa za Waitaliano kwa ruhusa yao, na tangu mwaka 1972 ikatoa Chetak kwa mfano ule ule. Kwa hiyo mwenye Vespa na mwenye Chetak shida zao ni za ukoo mmoja.

Katekista huyu ana vigango viwili. Padre hawezi kufika kila Jumapili, basi yeye huongoza ibada kigango cha kwanza saa moja asubuhi, kisha hupanda skuta na kwenda cha pili, ng'ambo ya kilima. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili.

Tulipokuwa tunateremka kilima cha mwisho, nilimwona anakanyaga breki ya nyuma, anakanyaga tena, na skuta haina habari. Mbele yetu alikuwako mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, na nyuma yake watoto wawili. Katekista akapiga honi, akashusha gia mpaka namba moja, akaishika breki ya mbele polepole, maana ukiibana ghafla kwenye tope utalala chini. Tukaingia kwenye majani ya kando ya barabara, tukasimama hapo. Yule mama akatutazama, akasema, “Poleni, walimu,” akaendelea na safari yake. Mimi magoti yalikuwa yanatetemeka.

“Tangu Jumatatu inanifanyia hivi,” akasema katekista.

“Na wewe ukanipakia?”

Hakujibu. Akaisukuma skuta mpaka nyumbani, nami nikamfuata na begi langu.

Sasa msomaji, usikilize vizuri, maana hapa wengi hukosea. Skuta ya namna hii ilibuniwa Italia na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, na kampuni ya Piaggio ikaanza kuiuza mwaka 1946. Bwana huyo hakuzipenda pikipiki. Alisema zinachafua nguo, na kubadili tairi lake ni taabu. Basi akalishika gurudumu upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege, ili lichomoke upesi. Ukipata pancha hufungui nati kubwa ya katikati. Unafungua zile ndogo zinazoizunguka, kwa kawaida tano, na ringi inatoka na tairi lake. Nati kubwa ya katikati ina kazi nyingine. Ndiyo inayoishikilia dramu ya breki kwenye ekseli. Huigusi mpaka utake kuingia ndani ya dramu.

Na sisi ilitupasa kuingia. Breki ya nyuma ya skuta ikikataa ingawa waya wake umekazwa, mara nyingi ule mpira wa kuzuia oili, ambao mafundi huuita sili, umechoka. Oili ya gia huvuja polepole na kulowanisha brekishuu. Unakanyaga, nazo zinateleza kama sabuni. Hakuna dawa ya nje. Sharti dramu itoke, na dramu haitoki mpaka nati itoke.

Nati ile ilikuwa imegoma. Pembe zake zilikuwa zimeliwa, maana fundi mmoja aliyeifunga mwaka uliotangulia aliipiga kwa tindo na nyundo badala ya kutumia spana. Tena mahali pa pini ya miguu miwili, ile inayozuia nati isijifungue yenyewe, alikuwa ametia msumari na kuukunja. Msumari ukapata kutu, kutu ikaenea kwenye meno ya nati, na vyote vikawa kitu kimoja.

Kijana wa jirani akaja na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Bahati njema alikuja pia mzee mmoja, fundi wa baiskeli tangu ujana wake. Akaitazama nati bila kuigusa, akamwuliza kijana, “Mwanangu, ukipiga hapo pigo linakwenda wapi?”

“Kwenye nati.”

“Linakwenda kwenye ekseli. Nati utanunua nyingine. Ekseli ikipinda au meno yake yakivunjika, utapasua injini yote ili uitoe. Mwalimu ana fedha hiyo?”

Kijana akaiweka nyundo chini.

Mzee akaanza na msumari. Akaunyosha kwa koleo, nao ukakatika, kama alivyotazamia. Kipande kilichobaki ndani akakisukuma nje kwa ncha ya spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kisha akasugua meno ya ekseli yaliyotokeza nje kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa. Jambo hili dogo msilidharau. Nati ikianza kutoka itapita juu ya meno hayo hayo, na ikikuta uchafu itakwama tena katikati ya njia, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuvunja. Baada ya hapo akachanganya mafuta ya taa na oili kidogo ya injini, akayadondosha kwa unyoya wa kuku kuizunguka nati, tone kwa tone. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya. Oili hubaki nyuma na kulainisha. Lakini alitia kwa kipimo, ili yasichuruzike mpaka kwenye dramu na kuongeza balaa.

Nikauliza kama moto usingesaidia, kwani nilipata kuona wahunzi wakipasha nati moto ikafunguka kwa urahisi.

“Tangi la petroli liko hapa, mkono mmoja kutoka ulipo,” akasema mzee. “Labda unataka kutuzika leo?” Mama wa nyumba akaleta maji yaliyochemka, tukaimwagia nati, tukaiacha ipoe, tukatia mafuta tena. Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunja, na kati ya mambo hayo mawili mafuta hupata mlango.

Mzee alifuta vidole vyake, akanionyesha ungaunga wa kutu kiganjani, kisha akaokota udongo wa uani, akauweka kando yake. Rangi ilikuwa moja. Na kweli ndivyo ilivyo, wasomaji. Wekundu wa udongo wa Karagwe ni chuma kilichoungana na hewa na maji kwa miaka isiyohesabika, yaani ni kutu. Watu wa mkoa huu walilijua jambo la chuma zamani sana. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Na hapa Karagwe, katika hazina ya wafalme iliyokuwa Bweranyange, kulikuwa na mikuki na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, kazi ya mikono yenye ustadi mkubwa. Mfalme Rumanyika, yule aliyewakaribisha Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa akitawala nchi ya watu waliojua nyundo ni nini na itumike wapi. Nilimtazama yule kijana na nyundo yake ya mawe nikacheka kimoyomoyo.

Jioni ile hatukufungua kitu. Kijana alitaka tujaribu usiku kwa tochi. Mzee akakataa, akasema mafuta hayajafika.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katekista aliongoza ibada ya kwanza, kisha akafunga vitabu vyake katika mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, akashika njia ya kilima. Nami nikaenda naye. Ilituchukua zaidi ya saa mbili, kwa kuwa tope liling'ang'ania viatu mpaka tukavivua. Tulipofika, watu walikuwa bado wamekaa kanisani wakisali rozari. Hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja wa kanisa akasema tu, “Tumesikia skuta haipo, tukajua unakuja kwa miguu.” Hata sijui walisikia kwa nani.

Tuliporudi jioni nilidhani mzee fundi atakuwa tayari na spana. Alikuwa amekaa kivulini na wajukuu wake. “Leo ni siku ya Bwana,” akasema. “Mimi sifanyi kazi. Yanafanya mafuta.” Hata hivyo alikuwa amepita mara mbili na unyoya wake wa kuku.

Jumatatu saa mbili asubuhi tukaanza. Spana ya kawaida haifai kabisa kwa kazi hii. Unahitaji spana ya boksi inayoingia barabara, na upime kwanza, maana skuta nyingine huchukua namba 22 na nyingine 24. Ya kwanza tuliyoazima kwa mafundi wa bodaboda ilikuwa na pembe kumi na mbili ndani. Ikateleza, kwa sababu pembe hizo hushika ncha tu za nati, na za kwetu zilikwisha liwa. Tukatafuta ya pembe sita, inayobana ubavu wa nati. Hiyo ikashika.

Halafu gurudumu lenyewe nalo lazima lizuiwe. Wengine hukanyaga breki, lakini sisi breki ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Wengine hutia gia, na kwa nguvu kubwa kama hiyo huhatarisha meno ya ndani ya gia. Mzee akaiacha skuta imesimama juu ya magurudumu yake, akaisogeza mpaka gurudumu la mbele likaegemea mgrevilea, akatia jiwe mbele ya gurudumu la nyuma. Angalieni sababu. Katika skuta hii injini iko kulia, nayo nati inatazama kushoto. Hufunguliwa kama nati nyingi, kinyume cha mwendo wa saa. Ukiisukuma hivyo, gurudumu hutaka kwenda mbele. Basi kizuizi kikae mbele, wala si nyuma. Kisha katekista na mimi tukakaa juu ya kiti ili uzito wetu ulikandamize tairi.

Mzee akaomba chaki ya katekista, akachora mstari mmoja uliopita juu ya nati na kuingia kwenye dramu. “Mkono hudanganya,” akasema. “Utadhani nati imezunguka, kumbe ni spana inayokula pembe. Chaki haidanganyi.” Akavika kipande cha bomba la maji, kama mita moja, kwenye mkono wa spana. Kwanza akaisukuma kidogo upande wa kukaza, ili kuivunja kutu. Ndipo akageuza, akaweka viganja vyote viwili mwishoni mwa bomba, akalala juu yake polepole. Hakurusha wala hakupiga. Bomba likapinda kidogo. Sisi juu ya kiti hatukupumua.

Ikalia ta! kama kuni kavu.

Katekista akapiga ishara ya msalaba. Sauti ya namna ile yaweza kuwa nati imeachia, yaweza pia kuwa ekseli imekatika. Mzee akainama. Mstari wa chaki wa nati ulikuwa umeachana na mstari wa dramu, upana wa ukucha.

Kama si yeye, tungeizungusha yote kwa furaha na kuiharibu. Aliifungua robo mzunguko, akairudisha nusu ya hapo, akatia mafuta, akaifungua tena. Mbele na nyuma, mbele na nyuma, karibu nusu saa. Unga mwekundu ukatoka na mafuta. Ilipochomoka alikuta meno ya ekseli mazima, isipokuwa la mwanzo lililokuwa limepondwa na nyundo ya yule fundi wa kwanza, nalo akalinyosha kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Meno ya nati yenyewe yalikuwa yameraruka. Ndani ya dramu, brekishuu zilikuwa zimelowa oili mpaka nyeusi. Msidanganyike kuziosha kwa petroli na kuzirudisha. Oili ikishaingia ndani ya brekishuu, itatoka tena siku zikipata joto kwenye mteremko.

Kijana akasema, “Tuirudishe nati hii kwa muda, tutie msumari, mwalimu apate kwenda Jumapili, vipuri vije baadaye.” Ilikuwa shauri la huruma, na nilimwona katekista analifikiria. Mzee akamkabidhi nati, akamwambia apitishe kidole ndani. Vipande vya meno vikabaki kwenye kidole. Kitabu cha Vespa kinataka nati hiyo ikazwe kwa nguvu ya kilo kama 10 zikivuta mwishoni mwa mkono wa mita moja. Meno yaliyoraruka hayawezi kubeba nguvu hiyo. Na dramu isipobanwa barabara hucheza juu ya ekseli, ikila mifereji yake, mpaka siku moja gurudumu litoke likitangulia mbele yako.

“Nitatembea,” akasema katekista.

Mimi niliondoka Jumanne. Mengine nilisimuliwa kwa simu. Vipuri vililetwa na basi kutoka Bukoba siku ya Alhamisi: sili, brekishuu, pini, na nati ya namba 22. Iliyotakiwa ilikuwa 24. Ikarudishwa, na katekista akapanda kilima kwa miguu Jumapili ya pili, safari hii na yule kijana akimbebea vitabu. Nati ya kweli ilifika Jumanne iliyofuata. Mzee aliifunga kwa mkono kwanza, mizunguko yote, ili ahakikishe inapita bila kulazimishwa, ndipo akatia spana na bomba. Akatia pini mpya, akakunja miguu yake. Akamwamuru katekista aende kilometa chache na kurudi. Aliporudi, wakaitoa pini, wakaijaribu nati tena kwa spana, nayo ikakubali kukazwa kidogo. Wakatia pini nyingine, kwa kuwa pini iliyokwisha kunjwa haikunjwi mara ya pili. Mzee alikuwa ameagiza tatu.